Siku Wazee wa Kanisa Walipokuja Kumkagua Serveri

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa hawafuati kalenda ya shule. Kwa hiyo ukikuta herufi imekaa vibaya humu ndani, isogeze mwenyewe, usinisumbue. Ninayotaka kuandika ni mambo ya diski ya kompyuta, na hapo najua umeshaanza kucheka. Hata mke wangu alicheka. Lakini kuna karibu wiki mbili nilizopoteza hamu ya kula kwa ajili ya hiyo diski, kwa sababu ilibaki kidogo tu nifutwe.

Sio mimi mwenyewe. Mimi nilikuwepo, na kikohozi changu. Kilichotaka kufutwa ni maneno yangu.

Mukamwana wangu, yaani mke wa mtoto wangu wa kwanza, ana duka Misiera, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mume wake anafanya kazi Kampala, kwa hiyo sisi wazee tunaishi naye, au yeye anaishi nasi, inategemea nani amepika. Dukani anachaji simu za watu, anapiga picha ndogo za makaratasi, anaweka nyimbo kwenye kadi, na harusi ikitokea anaichukua video kutoka bibi harusi akitoka kwao mpaka wajomba wakigombania nyama. Kazi hiyo aliisomea Mbarara, upande wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Huko Nyamitanga kuna Wakatoliki wengi, na sisi ni Waprotestanti wa Kivu ya Kusini, basi miezi yote aliyokuwa kule niliomba Mungu asirudi na rozari. Mungu alinisikia. Alirudi na Linux.

Linux ni ile roho inayoendesha kompyuta yake. Aliponiambia kwamba ni ya bure, nilimuuliza mstari wake unaanzia wapi. Mimi katika maisha ya kambi sijawahi kuona kitu cha bure kisichokuwa na mstari, na mtu wa kofia anayesimama mbele kusema leo kimeisha, rudini kesho. Akasema hakuna mstari, unaichukua tu hewani. Mpaka leo siiamini sana, ila nakiri haijawahi kusema rudini kesho.

Sasa huyo mukamwana ndiye aliyenionyesha namna ya kujirekodi kwa simu. Alinionyesha mara moja, kama mchezo. Mke wangu anasema hakuna kosa kubwa lililowahi kufanyika katika ukoo wetu kuliko hilo. Maana nilianza kusimulia ng'ombe wa baba, mmoja mmoja, yupi alizaliwa na yupi, yupi alikuwa na kiburi, yupi alikula kofia ya padri. Nilitaka wajukuu wawe na hadithi hizo, maana wengine wameshapelekwa nchi za baridi, na Kiswahili kinawatoka mdomoni kama jino la maziwa. Na mimi siwezi kutaja ng'ombe bila kuonyesha pembe kwa mikono, kwa hiyo nilikataa sauti tupu, nikataka video. Nikianza na ng'ombe napitia kwenye mvua ya mwaka ule, kwenye mvua napitia kwa shemeji aliyekuwa na paa la bati, kwa shemeji natokea sokoni. Kuna rekodi moja ya saa tatu ambayo ng'ombe mwenyewe hajaingia bado.

Zote hizo mukamwana alizihifadhi kwenye kompyuta iliyokaa nyumbani nyuma ya duka, juu ya sanduku la mbao, nyuma ya pazia, ili vumbi lisiikute. Humo ndimo zilimokuwa harusi za watu, kwaya za makanisa yote, na picha za makaratasi ya nusu ya Misiera. Simu ya dukani, simu ya kwangu, kompyuta ndogo ya kazi, zote zinaomba kitu kule nyuma ya pazia na chenyewe kinaleta. Chombo hicho wenye elimu wanakiita serveri. Lishike neno hilo, litatuletea wageni.

Asubuhi moja akaniita.

"Papa, tuko na shida. Diski imejaa."

"Imejaa nini?"

"Imejaa weye."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kuna harusi mbili Jumamosi ya wiki inayokuja," akasema. "Fasi hakuna. Harusi za zamani siwezi kufuta, wenyewe wakianza kugombana wanataka kuangalia kama kweli waliapa. Kwaya siwezi kufuta, Mungu iko anaona. Picha za makaratasi, mutu akipoteza ile aliyopewa Kabazana kwenye kuandikishwa, njo hapa anakimbilia. Kunabaki nani?"

"Kunabaki mimi," nikasema.

"Njo vile, Papa. Sitaki, lakini njo vile." Njo ni ndiyo ya kwetu, na fasi ni nafasi.

Mke wangu, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni, akasema, "Umufute. Mimi nimeshayasikia yote, nitabakumbusha."

Hapo ndipo ugali uliponikataa. Nilikaa nje nikihesabu ni ng'ombe wangapi wangekufa mara ya pili. Ya kwanza walikufa kwa vita, hiyo ya pili wangekufa kwa harusi ya mtu nisiyemjua, mwenye koti la kuazima. Nikarudi ndani, nikamwambia mukamwana nitauza mbuzi wawili, tununue diski nyingine. Mke wangu akaacha maharagwe. Lakini mbuzi walikuwa wa kwangu, na mmoja alikuwa mwizi wa chumvi.

Nilidhani kununua ndiyo kazi yenyewe. Kumbe kazi ni kupanga. Mukamwana alichukua daftari akachora masanduku, na mimi nikavaa miwani ya mke wangu ili nionekane ninaelewa.

"Tukiweka diski mupya pembeni ya ile ya zamani hivi hivi," akasema, "kila moja inabaki na mipaka yake. Hii ikijaa na ile iko na fasi, haiwezi kuiazima. Na ndani ya moja pia, nikisha kata sehemu ya harusi, sehemu ya kwaya, sehemu yako, kila sehemu na ukuta wake."

Hapo niliingia, kwa sababu hayo nayajua. Tulipofika kutoka Kongo tulilala Kabazana chini ya paa moja refu mpaka tulipoandikishwa, halafu tukapelekwa kila familia kwenye kiwanja chake. Wakapima, wakapiga vijiti. Mimi nilikuwa na watu tisa, jirani yangu alikuwa yeye na mke na redio. Viwanja sawa! Kwangu watoto walilala wamepangana kama dagaa kwenye karatasi, kuku wangu wakahamia kwa jirani bila kuniaga, na kwake nyasi zikaota mpaka redio ikapotea ndani. Na hatungeweza kusogeza kijiti hata kidole kimoja. Nilieleza hayo kwa urefu. Nilipofika kwenye ugomvi wa kuku, mukamwana alinikata.

"Basi, Papa. Hiyo njo ile nakataa. Kuna namna ingine. Unachukua diski zote, unang'oa vijiti, unazifanya kundi moja. Halafu toka mu kundi unakata volumu, moja ya harusi, moja ya kwaya, moja yako. Unakata ndogo kwanza. Ile inabaki, inabaki bila mwenyewe. Mutu akijaza, unamunyooshea. Siku tukinunua diski ya tatu, inaingia mu kundi, fasi inaongezeka, na hakuna mwenye anahama."

"Hiyo si kompyuta," nikamwambia. "Hiyo ni ufugaji."

Na ndivyo ilivyo. Kule kwetu milimani ng'ombe wa nyumba nyingi walichungwa kundi moja. Jioni kila nyumba ilipata maziwa kwa kibuyu chake, na nyumba ikipata mtoto, kibuyu kinabadilishwa, ng'ombe hawajui hata kama kuna mtoto. Watu wa Linux wamechelewa tu.

Kitu kimoja hatukuelewana. Akasema, "Volumu yako itakuwa ndogo kwanza." Mimi volumu ninayoijua ni ile ya redio. Nikamuuliza kwa nini mzee wa umri wangu apunguziwe sauti mbele ya kwaya. Nikasema kama ni hivyo afute kabisa kuliko kuniacha ninanong'ona. Alipoelewa nilichoelewa alilala juu ya daftari akitetemeka kwa kicheko, na mke wangu akasema wazo la kunipunguzia sauti ni zuri, lisitupwe. Basi nikaelezwa kwamba volumu hapo ni chumba, sio kelele. Na kwa nini kidogo kwanza? Kwa sababu kukipanua ni kazi ya dakika, lakini kukipunguza kikiwa na vitu ni taabu, unaweza kukata na mguu wa mtu. Nikakubali kidogo.

Halafu mimi mwenyewe, na darasa langu la tatu, nikaona shimo. Nikasema, "Kundi moja, boma moja. Siku ugonjwa unaingia?"

Mukamwana aliniangalia kama mtu anayeona punda anafungua mlango.

"Papa, hiyo njo swali lenyewe. Diski moja ikikufa mu kundi, inaweza kuvuta zingine. Kundi linatupa fasi, halitulindi. Lazima kopi, na kopi isilale mu nyumba hii. Moto ukikuja, unachoma zote."

Basi mbuzi wa kwanza atakuwa diski ya ndani, mbuzi wa pili atakuwa diski ya kutembea, ya kopi. Ilale wapi? Nikasema hiyo niachieni mimi. Kanisani kwetu kuna kabati la chuma lenye kufuli mbili, ambamo tunaweka sahani za sadaka na kipaza sauti. Mimi ni mmoja wa wazee wa kanisa. Nitaomba fasi.

Sasa tuingie Jumapili.

Wakati wa matangazo nilisimama. Nilikuwa nimefanya mazoezi. Nikasema, kwa sauti ya kutosha, "Bwana asifiwe. Wapendwa, nyumbani kwangu tuko na serveri. Kazi imekuwa mingi, tunataka kumupanulia fasi, maana watu wanaomba usiku na mchana na yeye anabaletea. Sasa ninaomba kanisa linisaidie: tutaleta kopi ya huyo serveri, ilale humu mu kabati, pamoja na sahani za sadaka."

Nikakaa. Nilidhani nimesema vizuri. Hakuna aliyesema amina. Mtoto mmoja alianza kulia akanyamazishwa. Mchungaji akafungua kitabu cha nyimbo akakifunga. Mwanamke mmoja wa kikundi cha akina mama akamshika mke wangu mkono, akamwambia, "Pole, mama. Tutakuombea." Mke wangu akajibu asante, kwa sababu yeye hupokea pole yoyote inayohusu kuolewa na mimi.

Wewe uliyekulia mahali pengine labda huoni kosa. Sisi tunaotoka Kongo maneno mengi tumeyapata kwa Kifaransa, na kwetu serveri ni kijana wa baa, yule anayepita na sahani na chupa, na kitambaa begani. Mukamwana alinifundisha neno kwa kompyuta nami nikalishika kwa kompyuta, maana baa sijawahi kuingia, isipokuwa mara moja, mvua ilikuwa kubwa, hiyo nitaeleza mahali pengine. Kanisa zima lilisikia kwamba mzee wao amefungua baa nyumbani, wateja wamezidi, anapanua ukumbi, na anataka mhudumu wake wa pili alale kanisani, kabatini, juu ya sadaka.

Mimi sikujua. Jumanne nikaenda Mbarara na mukamwana, roho nyeupe.

Muuzaji alikuwa Mnyankore mwenye maneno laini, kwenye chumba chembamba kilichojaa nyaya mpaka juu. "Mzee karibu, sebo. Nyabo karibu. Hii diski mupya kabisa, orijino. Hapana ogopa." Sebo ni bwana na nyabo ni bibi, kwa lugha yao. Niliichukua mkononi. Ilikuwa nzito, nikapenda uzito. Nikaigonga kidogo nisikilize, nikaigeuza nitafute mahali pa kuangalia umri. Ng'ombe unamfungua mdomo, meno yanakuambia kila kitu, hata kama mwenyewe amempaka mafuta.

"Meno yake iko wapi?" nikamuuliza.

"Mzee, hii hakuna meno."

"Iko nayo, Papa," akasema mukamwana. Akatoa kompyuta yake ndogo, akachomeka ile diski kwa waya, akaandika maneno, na kweli diski ikafungua mdomo. Inahesabu yenyewe saa ilizofanya kazi! Huwezi kuipaka mafuta. Mukamwana akasoma, akamgeuzia muuzaji kioo cha kompyuta. Ile diski mpya kabisa ilikuwa imefanya kazi masaa ambayo ng'ombe angekuwa amezaa mara nne na kuuzwa kwa mchinjaji.

"Eh," muuzaji akasema. "Hii walinidanganya pia mimi."

"Bibi kizee," nikasema. "Ameshafiwa na waume wawili."

Alicheka, nadhani kwa aibu, akaingia nyuma akatoka na nyingine, na ya kutembea pia. Mukamwana akazifungua mdomo zote mbili. Zilikuwa ndama. Tukanunua. Njiani nilizishika mapajani, na kila shimo la barabara niliinua magoti ili lisizifikie.

Jumatano mukamwana alizima kompyuta, akaingiza ndama wa ndani, akawasha. Hapo nilijifunza jambo la kwanza la mpango wake: hakugusa diski ya zamani. Alianzisha kundi kwenye diski mpya peke yake, akakata volumu tatu, akanakili kila kitu polepole, akarudia kuhesabu faili zote kama mchungaji mlangoni mwa boma, akapeleka kopi kwenye ile ya kutembea. Alhamisi ndipo akaifuta ya zamani, akaiingiza kundini. Mimi wakati wote nilikaa kwenye kiti nikiangalia namba zinapita. Alisema haisaidii kitu. Nikasema ng'ombe pia hawakusaidiwa na mimi kuwaangalia, lakini walizoea.

Alhamisi hiyo hiyo saa nane mchana, wazee wa kanisa wakaingia. Watano, na koti, na Biblia. Mbele alikuwa katibu wa kanisa, mtu mwembamba wa miwani, aliyezaliwa kilima cha pili kutoka kwetu. Tumejuana tangu hatuna meno mpaka sasa tunapokaribia kutokuwa nayo tena.

"Bwana asifiwe."

"Amina. Karibuni. Mukamwana, lete Fanta."

Neno lete liliwafanya waangaliane. Katibu akasema, "Hatukuye kunywa, muzee. Tumekuya kumuona serveri."

Nikafurahi! Nilidhani kanisa limekubali, wamekuja kuona kitu kabla ya kukipa fasi. "Yuko nyuma ya pazia," nikasema. "Leo tumemupanulia, iko na nguvu sana."

"Anafanya nini kule nyuma ya pazia?"

"Anaserve."

"Saa hii?"

"Saa zote. Hata tukilala. Hakuna siku anapumuzika."

"Jumapili pia?"

"Jumapili njo anazidi. Kwaya zote zinamupitia."

Mzee mmoja akatoa kitambaa akafuta shingo. Katibu akashusha sauti, "Kwaya? Hata kwaya yetu?"

"Bao benyewe njo ba kwanza."

"Na ni mwanaume ao mwanamuke?"

Nilifikiri kidogo. Hata mimi sikuwahi kuuliza. "Mukamwana, serveri ni mwanaume ao mwanamuke?"

Mukamwana alikuwa amesimama na chupa za Fanta, na uso wake ulianza kufanya mambo. Alikuwa ameelewa kabla yetu sote. Aliweka chupa chini, akaenda, akavuta pazia.

Wazee watano waliinamisha vichwa kuangalia. Juu ya sanduku, kompyuta, na taa yake ndogo ya kijani inacheza.

"Huyu?" akasema katibu.

"Huyu," nikasema kwa fahari.

"Anakunywa nini?"

"Umeme."

Sitaeleza kicheko kilichofuata, kwa sababu kilinichukua muda kukielewa, na nilikuwa wa mwisho. Mzee wa kitambaa alicheka mpaka akaomba kiti. Kisha wakanywa Fanta zote, na nyingine tukatuma dukani, na kila mmoja akataka kuelezwa kile kitu kinafanya nini. Mukamwana akawaambia kinahifadhi kumbukumbu za watu, zikiwemo za Papa. Akasema, "Ngoja nibaonyeshe," akabonyeza faili ya kwanza iliyokuja chini ya kidole.

Watu wangu, faili zilikuwa mia na kitu.

Nikajiona kwenye kioo, mikono imeshakuwa pembe, nikieleza namna dume la baba, lile jekundu, lilivyomfukuza kijana mmoja wa kilima cha pili mpaka akapanda mti, akakaa huko mpaka saa ya kukamua, na suruali yake ikabaki kwenye pembe, ikitembea kijijini kama bendera. Na jina la kijana nikalitaja, na la baba yake, ili kusiwe na mashaka.

Wazee wanne wakageuka polepole kumwangalia katibu wa kanisa.

Katibu alivua miwani. Akaifuta. Nilijua kinachokuja. Mtu huyu ndiye anayeshika funguo za kabati, na neno lake baraza halilipingi. Akisema ifutwe, itafutwa, na sio hiyo peke yake, maana katika hizo mia na kitu yumo kwenye kumi na saba. Mbuzi wawili, safari ya Mbarara, kundi, kibuyu, vyote kwa ajili ya kuja kufutiwa mezani kwangu na Fanta yangu mdomoni mwake.

"Hii ni uongo," akasema. "Ifutwe."

"Nifute, muzee?" mukamwana akauliza. Alimuuliza yeye, lakini aliniangalia mimi.

Sikuweza kusema kitu. Mimi! Mke wangu alitoka jikoni kuja kuona kwa nini nimenyamaza.

"Nani ameishaona hii?" katibu akauliza.

Mukamwana akasema kweli. "Batu wa dukani, muzee. Banaipenda sana. Iko mu simu mingi."

Katibu akasogea karibu na kioo. Akavaa miwani. "Sasa ukiifuta hapa," akasema polepole, "batabaki na ya huyu tu, na mimi sina yangu. Mama, kuna fasi ya mutu mwingine humo ndani?"

"Fasi iko, muzee. Tumeacha nusu bila mwenyewe," akasema mukamwana.

"Basi uniwekee yangu pembeni ya yake. Nitaanza saa hii. Haikukuwa suruali kubaki mu pembe! Niliivua mwenyewe. Kwa akili!"

Volumu yangu ndogo ilikuwa imebakiza kidogo tu ijae. Mukamwana akasema hatakata nyingine, atainyoosha hiyo hiyo tukae wote wawili, akaandika mstari mmoja, halafu mwingine. Kompyuta haikuzimwa. Ile rekodi yangu ilikuwa bado inaendelea kwenye kioo, na mimi ndani yake sikustuka hata kidogo, niliendelea kufukuza watu huku chumba kinapanuliwa juu ya kichwa changu. Wazee wakasema eeeh. Kabati tukapewa pale pale, rafu ya juu, mbali na kipaza sauti.

Katibu akasimama mbele ya simu, akafunga koti, akaanza. Alisimulia namna dume lilivyokuja, namna alivyojua kwamba dume hufuata kitu kinachopepea, namna alivyovua suruali akiwa anakimbia, mguu mmoja, mguu wa pili, akaitupa kushoto na yeye akaenda kulia, na mtini alipanda baadaye kabisa, kwa aibu ya kukosa suruali, sio kwa woga. Akaonyesha kukimbia na kuvua. Mzee wa miaka hiyo! Mke wangu alianguka juu ya maharagwe.

Ilichukua dakika kumi na mbili, na ng'ombe aliingia dakika ya kwanza.

Harusi mbili za Jumamosi zikapita, zikapata fasi, mimi sikufutwa. Lakini dukani watu waliacha kuomba ya kwangu. Wanakuja, wanasema, "Mama, tuwekee ile ya muzee anavua." Niliisikiliza tena peke yangu mara tatu, nikitafuta kosa. Kosa sikuliona. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Jumatatu asubuhi nilimwendea mukamwana kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Nikamwambia nimefikiria habari ya diski, naona tusijaze haraka, labda tungefuta moja moja zisizo na maana, tuanze na ile ya katibu.

"Hapana, Papa," akasema, hata hakuinua kichwa. "Fasi iko mingi."

Na mlangoni alikuwa ameshasimama katibu mwenyewe, na koti lingine, amekuja kusema sehemu ya pili.